Mzizi, Bandari na Hifadhi: Uhakiki wa Istilahi za Kusakinisha Programu katika Seva

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi haimaliziki siku orodha inapochapishwa. Orodha ni ahadi tu. Ushahidi wa ubora wake hupatikana pale mtu asiyemjua mtunga istilahi, aliye mbali na kamati na kamusi, anapoushika mwongozo mkononi na kujaribu kutenda kwa kuufuata. Iwapo kazi inafanyika, istilahi zimefaulu. Iwapo haifanyiki, au inafanyika kinyume, hapana budi turudi kwenye orodha na kujiuliza tulikosea wapi.

Makala hii inakusudia kuhakiki istilahi zilizotumika katika mswada mmoja wa mwongozo wa Kiswahili, ambao mwandishi aliombwa kuupitia baada ya nakala zake za kwanza kuwa zimekwisha kugawiwa. Mswada huo unaeleza jinsi ya kusakinisha programu ya MediaWiki katika seva inayoendeshwa kwa Linux. Ulikusudiwa walimu na makarani wa vyuo ambao hawakusomea fani ya kompyuta, lakini wamekabidhiwa kazi ya kutunza maandishi ya chuo. Hatutakitaja chuo wala mfasiri, kwa kuwa makosa tutakayoyajadili si ya mtu mmoja. Ni makosa yetu sote tunaotafsiri kwa haraka.

Kazi yenyewe

Yafaa kwanza ieleweke kazi inayoelezwa. MediaWiki ndiyo programu inayoendesha kamusi elezo ya Wikipedia, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Chuo, wizara au chama chochote kinaweza kuichukua na kuitumia kwa maandishi yake chenyewe. Linux nayo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambao kiini chake kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Mswada unatumia Debian, mojawapo ya mikusanyo mashuhuri ya mfumo huo, iliyoasisiwa mwaka 1993.

Hatua zenyewe si nyingi. Kwanza, msimamizi huagiza kutoka Debian programu tatu: Apache, inayopokea maombi ya wasomaji na kuwapelekea kurasa, PHP, ambayo ni lugha iliyotumiwa kuandika MediaWiki, na MariaDB, inayotunza maandishi yenyewe. Pili, hutengeneza mahali patupu ndani ya MariaDB pa kuwekea maandishi hayo, na kumteua mtumiaji mwenye nywila ya kupafikia. Tatu, hulifungua furushi la MediaWiki na kuliweka katika saraka inayosomwa na Apache. Nne, hufungua kivinjari na kujibu maswali kadhaa. Mwisho, hupewa faili liitwalo LocalSettings.php, ambalo sharti aliweke katika saraka ile ile. Faili hilo ndilo lenye mipangilio yote ya chuo, na bila hilo programu haifanyi kazi.

Kila hatua kati ya hizo ina istilahi zake, na kila istilahi ina nafasi ya kumwongoza au kumpoteza msomaji.

Yanayostahili sifa

Mhakiki asiyeona jema hufaa kutiliwa shaka. Mswada huu una mema mengi, nasi tutataja mawili.

La kwanza ni matumizi ya neno huria. Programu kama MediaWiki na Linux hutolewa kwa leseni inayompa kila mtu uhuru wa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa. Waingereza huziita kwa neno "free", ambalo kwao lina maana mbili, ya uhuru na ya kutolipa, hata imewabidi wenye fikra hiyo kutumia miaka mingi wakieleza kwamba hawasemi habari za bei. Kiswahili hakina taabu hiyo: huria ni huria, na bure ni bure. Hapa tafsiri imekuwa wazi kuliko asili. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba lugha yetu daima hufuata nyuma ikihema.

La pili ni kitenzi sakinisha. Kusakini ni kukaa mahali, na mzaliwa mmoja naye ni maskani. Kusakinisha programu, basi, ni kuikalisha katika mashine iwe mkazi wake. Kitenzi hiki kinashinda simika, ambacho wasikilizaji wengi hukihusisha na mlingoti au na kumtawaza mtemi. Kadhalika kinashinda weka, ambacho kimebeba mizigo mingi mno.

Hata hivyo, mfasiri anapofika kwenye kitendo cha kinyume anaandika sanidua, neno ambalo limeenea katika simu na kompyuta zetu. Lugha yetu hutengua kitendo kwa kiambishi kinachojulikana: funga na fungua, panga na pangua, tega na tegua, kunja na kunjua. Kwa kanuni hiyo sanidua ni kutengua kitendo cha kusanidi, yaani kupanga mipangilio. Haiwezi kuwa kinyume cha kusakinisha. Msomaji aliyefundishwa sarufi shuleni atadhani kwamba anaambiwa avuruge mipangilio huku programu ikibaki. Ama tuseme sakinua, ama tuseme waziwazi ondoa programu. Kuenea kwa neno ni hoja nzito, lakini si hoja pekee.

Bandari iliyojengwa bara

Sasa tuingie katika kasoro. Katika sura ya tatu msomaji anaambiwa: "Fungua bandari ya 80 na bandari ya 443, kisha uhakikishe kwamba bandari ya 3306 imefungwa na ukuta wa moto."

Mwalimu wa Tanga au Mtwara akiisoma sentensi hii atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini ubaya wake si kichekesho. Ubaya ni kwamba mfasiri amelitafsiri neno lisilokuwamo. Kiingereza kina maneno mawili yanayoandikwa "port". Moja limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya bandari, na jingine limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mlango. Wataalamu wa umeme na kompyuta walichukua lile la mlango. Mfasiri aliona herufi nne, akakimbilia maana aliyoizoea, akajenga bandari mahali pasipo na maji.

Na kitu chenyewe ni nini? Seva moja hutoa huduma nyingi kwa wakati mmoja, na kila huduma hungojea wateja wake katika namba yake: kurasa za wavuti za kawaida katika 80, zile zinazosafirishwa kwa usiri katika 443, msimamizi anayeingia kutoka mbali katika 22, na MariaDB katika 3306. Hii ni nyumba moja yenye milango mingi yenye namba. Neno mlango linatosha kabisa, nalo halihitaji mafunzo.

Ukuta wa moto nao una kosa la namna ile ile. Kwa Waingereza neno hilo ni ukuta unaozuia moto usivuke kutoka chumba hadi chumba. Kwa Kiswahili, ukuta wa matofali ni ukuta uliojengwa kwa matofali. Kwa hiyo ukuta wa moto ni ukuta uliotengenezwa kwa moto. Kiunganishi "wa" kimebeba uhusiano uliogeuka. Wapo wafasiri ambao tayari hutumia ngome, nasi tunawaunga mkono. Watu wa Mombasa na Unguja wamezoea kuiona ngome, na wanajua kwamba ngome ina milango, na kwamba kazi ya mlinzi ni kuamua mlango upi uwe wazi na upi ufungwe.

Hapa tunapata funzo lililo kubwa kuliko maneno haya mawili. Istilahi hazitungwi moja moja kama shanga zilizomwagika. Hutungwa kwa ukoo. Tukisema: "Ngome iache wazi milango ya 80 na 443, na mlango wa 3306 ufungwe," sentensi inajieleza yenyewe, kwa sababu ngome na mlango ni vitu vya nyumba moja. Bandari na moto havijawahi kuishi pamoja.

Mzizi unaoingia kazini

Mswada unamwambia msomaji katika ukurasa mmoja: "Nenda kwenye mzizi," na katika ukurasa unaofuata: "Ingia kama mzizi." Ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni saraka ya mwanzo, ambayo saraka zote nyingine zimo ndani yake. La pili ni jina la mtumiaji mwenye mamlaka yote, anayeweza kubadilisha na kufuta chochote katika mashine. Kiingereza huyaita yote mawili "root", na Mwingereza asiye mtaalamu hutatizika kama sisi. Lakini kwa nini turithi tatizo la jirani pamoja na mali yake?

Kwa saraka ya mwanzo tunapendekeza shina. Saraka na mafaili hupangwa kama mti, na sisi husema kwamba matawi hutoka katika shina. Mizizi hujificha ardhini. Mtu hawezi kwenda kwenye mzizi bila jembe. Kwa mtumiaji yule tunapendekeza msimamizi mkuu, cheo ambacho kila mtumishi wa serikali anakielewa, pamoja na tahadhari inayofuatana nacho.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mfasiri hakulitenganisha, nalo ni hili: dhana hutafsiriwa, jina halitafsiriwi. Msimamizi mkuu ni dhana, lakini herufi r-o-o-t ambazo mtu huziandika kwa mashine ni jina, kama vile jina la mtu. Mswada umevuka mpaka huu zaidi ya mara moja. Katika sura ya tano faili la LocalSettings.php limepewa jina la MipangilioYaMahali.php. Matokeo yake ni dhahiri. MediaWiki hulitafuta faili lake kwa jina lake. Isipoliona, humwambia msomaji kwamba hakuna kilichosakinishwa na kumtaka aanze upya. Msomaji mtiifu ataanza upya, ataliita faili jina lile lile la mwongozo, na ataambiwa tena aanze upya. Ataendelea hivyo hadi jioni, na mwisho wa siku atakilaumu Kiswahili, wala hatamlaumu mfasiri.

Hifadhi: neno lililochoka

Tumefika kwenye kasoro iliyotufanya tuandike makala hii. Kabla programu haijapandishwa toleo, ni sharti ichukuliwe nakala ya maandishi yaliyomo katika MariaDB, nakala ya picha, na nakala ya faili la mipangilio, ziwekwe mahali pengine. Mambo yakiharibika, nakala hizo ndizo wokovu pekee. Mswada ulieleza sharti hilo kwa sentensi moja: "Kabla ya kupandisha toleo, hifadhi hifadhidata katika hifadhi."

Sentensi hii ina neno moja mara tatu, na kila mara lina maana tofauti: kuchukua nakala ya tahadhari, mkusanyo wa taarifa uliopangwa, na mahali pa kuwekea vitu. Maana ya nne haimo katika sentensi bali imo katika kioo cha kompyuta, kwa sababu mwandishi wa ukurasa wowote hubonyeza kitufe cha kuhifadhi anapomaliza kuandika.

Karani mmoja wa chuo, mtu makini ambaye mwandishi amewahi kufanya naye kazi, aliisoma sentensi hiyo kwa maana ya nne. Aliufungua ukurasa mkuu, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akapata jibu kwamba umehifadhiwa, akaweka alama ya vema katika karatasi yake, akaendelea. Zoezi likakwama katikati. Mwongozo ulisema kwamba likikwama, afute hifadhidata na kuirejesha kutoka hifadhi. Akafuta. Alipotafuta pa kurejeshea hakuona kitu. Maandalio ya masomo yaliyoandikwa na walimu kwa muda wa miaka miwili yalikuwa yametoweka.

Ndugu msomaji, karani huyo hakukosa akili wala bidii. Alitii kila neno. Alipoitwa kujieleza alikuja na karatasi yake yenye alama za vema, na hakuna aliyeweza kumwonyesha mstari alioukiuka. Istilahi ndiyo iliyomwangusha, naye ndiye aliyeandikiwa barua ya onyo. Tunapokaa katika vikao vyetu tukibishana juu ya viambishi, tukumbuke kwamba mwisho wa meza ile, asiyeonekana, ameketi mtu atakayeadhibiwa kwa uamuzi wetu.

Dawa haihitaji maneno mageni. Tunayo manne, na kila moja lipewe kazi yake:

(a) Hifadhi libaki kitenzi cha mwandishi anayetaka maandishi yake yasipotee anapofunga ukurasa. Limekwisha kuzoeleka kwa kazi hiyo.

(b) Nakala ya akiba litumike kwa nakala ya tahadhari. Istilahi ya nakala rudufu imeenea, nayo si mbaya. Lakini rudufu hueleza tu kwamba nakala ni ya pili, ilhali akiba hueleza sababu ya kuwapo kwake. Kila mtoto ameambiwa kwamba akiba haiozi.

(c) Kanzidata litumike kwa mkusanyo wa taarifa uliopangwa. Kanzi ni hazina. Ni neno la zamani linalostahili kupewa kazi tena, na halifanani kwa sauti na hifadhi.

(d) Ghala litumike kwa mahali ambapo programu za Debian huwekwa zikingojea kuagizwa. Mkulima na karani wote wawili wanajua ghala ni nini.

Sentensi iliyoleta maafa sasa yaweza kuandikwa hivi: "Kabla ya kupandisha toleo, chukua nakala ya akiba ya kanzidata, na uiweke katika mashine nyingine." Hapana kitufe chochote kinachoweza kudhaniwa kuwa ndicho.

Mgeni anayejikaribisha

Jina la mswada lenyewe linasema habari za "programu zinazojikaribisha". Msomaji atapata picha ya mgeni asiye na haya, aingiaye bila hodi na kujivutia kiti. Asili yake ni neno la Kiingereza "host", yaani mwenyeji, na maana iliyokusudiwa ni kwamba mwenye programu huiweka katika seva yake mwenyewe badala ya kuikodi kwa kampuni. Anayejitendea hapa ni mwenye programu, si programu. Mfasiri ametwaa kirejeshi "ji" na kumpa asiyestahili.

Kauli ya kutendea hutupa njia nzuri. Mtu hujijengea nyumba, hujipikia chakula, hujiwekea akiba. Basi na tuseme programu ya kujiwekea, na kinyume chake iwe programu ya kukodi. Tofauti hii si ya lugha tu. Chuo kinachokodi hulipa kila mwezi, na maandishi yake hukaa katika mashine za mwingine, pengine nje ya nchi. Chuo kinachojiwekea hubaki na mali yake, na pia na jukumu la kuilinda, kuitunza na kuichukulia nakala za akiba. Mkuu wa chuo anayetakiwa kuchagua kati ya njia hizi ana haki ya kuzikuta zimeitwa kwa majina yanayoonyesha gharama na wajibu wa kila moja.

Hoja ya wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba shughuli hii yote ni bure, na kwamba afadhali mambo ya seva yaachwe kwa Kiingereza. Hoja yao si ya kupuuzwa. Amri zenyewe ni za kigeni na zitabaki hivyo. Lakini kuinakili amri ni jambo moja, na kuielewa ni jingine. Yule anayenakili bila kuelewa hufaulu hadi siku mambo yanapoharibika. Siku hiyo huhitaji maelezo, na maelezo humfikia mtu vizuri zaidi kwa lugha anayoifikiria.

Isitoshe, kazi hii imekwisha kuanzwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na wataalamu wa lugha walishirikiana na wataalamu wa kompyuta katika kuunda istilahi zake. Ushirikiano wa namna hiyo ndio uliokosekana katika mswada tulioujadili. Mfasiri alikuwa peke yake na kamusi.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi za fani moja ziundwe kwa pamoja kama ukoo, na neno moja lisipewe kazi mbili ndani ya mwongozo mmoja. Pili, mfasiri akitazame kitu kabla ya kulitazama neno. Aisakinishe programu kwa mikono yake angalau mara moja, kisha ndipo aandike. Tatu, kila mwongozo usomwe na mtu mmoja asiyejua fani hiyo, akiwa mbele ya mashine isiyo na cha kupoteza, na mfasiri aketi kando akimwangalia bila kusema neno. Pale msomaji anaposita, hapo ndipo penye istilahi ya kurekebishwa.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri, naye ameyapokea masahihisho kwa moyo mkunjufu. Ile barua ya onyo bado imo katika jalada la karani. Mwandishi amekiandikia chuo kuomba iondolewe, na ameambatisha na ombi hilo ukurasa wa mwongozo wenye sentensi ile, neno hifadhi likiwa limepigiwa mstari mara tatu.